Kutoka Morlaix hadi karibu na Nantes bila magari: je, baiskeli yangu ya mjini itafaa?

Swali: “Fundi, habari za kazi. Mimi ni mama wa miaka 47, ninaishi viungani mwa Paris mwaka wa sita sasa. Mwaka jana kioo cha gari kilinigonga bega nikiwa kwenye baiskeli, nikaanguka. Sikuvunjika popote, lakini tangu siku hiyo nikisikia injini nyuma yangu mwili wote unakaza. Nimesikia kwamba huko Bretagne, magharibi mwa Ufaransa, kuna njia ndefu ya changarawe kando ya mfereji, isiyopitwa na gari hata moja, na ninatamani kuipita mwezi wa Juni. Mwenzangu kazini ameniambia nisijidanganye, kwamba bila baiskeli maalumu ya euro elfu mbili nitateseka. Yangu ni ya kawaida ya mjini, ina matairi ya 700 kwa 35, yaani upana wa milimita 35, na kila ninapopita kwenye changarawe za bustanini vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kushoto hufa ganzi, ingawa matairi huwa nimeyajaza upepo mpaka mwisho. Je, ni kweli njia hiyo haina magari? Na niende na baiskeli hii, au niache?”

Dada yangu, pole sana kwa ajali hiyo. Kukaza mwili usikiapo injini baada ya kugongwa si udhaifu, na sitakuambia ujikaze tu mpaka uzoee. Umeuliza mambo mawili, kama njia haina magari na kama baiskeli yako itafaa, lakini ndani ya barua yako kuna la tatu ambalo umelipitia haraka, nalo ni hivyo vidole viwili vya kushoto. Nitalirudia, kwa sababu hilo ndilo linaloweza kukukatisha safari siku ya tatu hata kama mengine yote yamekaa sawa. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba uende, na uende na baiskeli hiyo hiyo, ila kwanza ubadilishe matairi, upunguze upepo, na uzijue mapema sehemu chache ambazo maneno “bila magari” hayatimii.

Tuanze na magari. Nchini Ufaransa maneno voie verte, yaani njia ya kijani, si jina la kuvutia watalii. Ni aina ya njia iliyoingizwa katika sheria ya barabarani mwaka 2004, na maana yake ni njia iliyotengwa kwa vyombo visivyo na injini, watembea kwa miguu na wapanda farasi. Kosa ninalokutana nalo mara kwa mara ni la mtu kudhani kwamba kila njia ya changarawe huko vijijini ina ulinzi huo. Njia nyingi za vumbi zinazokatiza mashamba ni mali ya kijiji na ziko wazi kwa umma, kwa hiyo mkulima akipita na trekta yuko katika haki yake, na pikipiki nayo hupita pale ambapo hakuna katazo. Nyingine ni za watu binafsi, na ramani ya simu inaweza kukupeleka humo bila kukuonya, ukaja kusimama mbele ya kibao kilichoandikwa propriété privée. Kwa mtu mwenye hofu kama yako, tofauti hii ni kubwa, kwa sababu trekta moja likikutokea kwenye kona nyembamba baada ya saa mbili za ukimya laweza kukutisha kuliko magari mia ya mjini. Ndiyo maana ninakupeleka kwenye reli ya zamani na kwenye mfereji, wala si kwenye njia za mashambani. Hata huko utakutana mara moja moja na gari la watunza mfereji au la wakata nyasi, likienda polepole, na wenye nyumba za kando ya maji wanaweza kuwa na ruhusa ya kufika kwao.

Mfereji huo wa Nantes hadi Brest ulianza kuchimbwa mwaka 1811, zama za Napoleon, kwa sababu manowari za Waingereza zilikuwa zikiifungia bandari ya Brest na ikaonekana lazima ipatikane njia ya kuifikishia mahitaji kwa kupitia bara. Ulifunguliwa mwaka 1842. Urefu wake ni takriban kilomita 364, na una malango ya maji zaidi ya 230. Mashua zilikokotwa kwa kamba na farasi, na mara nyingine na watu, waliotembea ukingoni. Njia yao, chemin de halage, ndiyo utakayoipita wewe. Jambo la kulielewa hapa ni kwamba maji hayatulii kwenye mteremko. Wahandisi walilazimika kuujenga mfereji kama ngazi: kipande tambarare kabisa, kisha lango linaloinua mashua kwa mita mbili au tatu, kisha kipande kingine tambarare. Njia ya kando inafuata ngazi hizo hizo. Kwa hiyo unapokanyaga, kwa muda mrefu hakuna mlima wowote. Mara unaona mbele nyumba ndogo ya mtunza lango, njia inainuka ghafla kwa hatua chache, unashusha gia mbili, unasikia changarawe zikisagika chini ya tairi na maji yakichuruzika kwa kelele katikati ya mbao za lango, kisha umefika juu na ukimya umerudi.

Hesabu nyingine ya kuijua ni ya pale ngazi zinapobanana. Kati ya Pontivy na Rohan malango ni zaidi ya 50 katika masafa mafupi, na ukitoka Pontivy sehemu ya kwanza ni ya kupanda. Si kazi ngumu, lakini usiipangie jioni ya siku ndefu. Upande wa magharibi, huko Glomel, mfereji unapita kwenye kilele chake ndani ya mtaro mkubwa uliochimbwa kwa mikono ya wafungwa katika miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830. Ukiwa ndani yake, kingo zenye miti zimekuinukia pande zote mbili na jua hufika kwa shida. Mimi husimama hapo kila ninapopita, nikiwakumbuka waliokuwa na sururu na toroli tu.

Sasa mpangilio wenyewe, pamoja na pale ambapo magari yapo. Njia ndefu iitwayo Vélodyssée huanzia bandari ya Roscoff na kushuka hadi mpaka wa Hispania, lakini kipande cha Roscoff hadi Morlaix hupita kwenye barabara ndogo ambazo magari huzitumia. Kwa hiyo usianzie Roscoff. Panda treni ya Brest pale kituo cha Montparnasse mjini Paris, ushuke Morlaix, uianze safari hapo. Kutoka Morlaix kwenda Carhaix utafuata tuta la reli iliyofungwa katika miaka ya 1960. Ilikuwa reli nyembamba ya upana wa mita moja, sawa na ile ya zamani ya Mombasa, Nairobi hadi Kampala. Hupanda kwa kilomita nyingi kuelekea vilima vya Arrée, lakini treni haikuweza mwinuko mkali, kwa hiyo nawe hutaupata. Ni kupanda kwa gia nyepesi huku pumzi ikikutosha kuongea. Carhaix ni mji, una barabara za kawaida, na mtu anaweza kushuka akasukuma baiskeli kwa dakika chache bila aibu yoyote. Baada ya hapo unaingia kwenye mfereji.

Karibu na Mûr-de-Bretagne mfereji unapotea. Kati ya mwaka 1923 na 1930 lilijengwa bwawa la umeme la Guerlédan, nalo likayazamisha malango 17 pamoja na nyumba za watunzaji. Bwawa lilipokaushwa kwa ukaguzi mwaka 2015, kuta hizo zilionekana tena na watu wakamiminika kuzitazama. Kwako wewe maana yake ni kwamba huwezi kufuata maji hapo. Eneo la Gouarec na abasia ya Bon-Repos utauacha mfereji na kushika tuta la reli lililo kaskazini ya ziwa, kisha utarudi kwenye mfereji kuelekea Pontivy. Soma vibao kwa makini hapa, maana ndipo watu hupotea wakajikuta kwenye barabara kuu. Kisha utafuata Rohan, Josselin yenye ngome inayosimama juu ya mto Oust, Malestroit, na Redon.

Kuingia Nantes ndiko sikupendi kwa ajili yako. Mfereji unaungana na mto Erdre, ambao kingo zake nyingi hazina njia ya kukokotea mashua, na safari ya kutoka Nort-sur-Erdre hadi mjini hufanyika kwa sehemu kubwa kwenye barabara ndogo zenye magari. Lakini Nort-sur-Erdre ina kituo cha treni nyepesi ya kwenda Nantes, kwenye reli iliyofunguliwa upya mwaka 2014. Maliza safari yako ya kukanyaga hapo. Waendeshaji wengine watakuambia kwamba hujafika Nantes kwa baiskeli, waache waseme.

Hatari halisi iliyobaki ni kwenye makutano. Njia ya kijani ikikata barabara ya magari, anayesimama kwa kawaida ni wewe, na ukiwa umekanyaga saa mbili bila kuona gari, akili imelala. Hapo kuna vizuizi vya mbao au vyuma vya kupunguza mwendo, na mifuko mipana ya pembeni hugonga. Shuka, sukuma, vuka, panda tena.

Nije kwenye baiskeli. Mwenzako anachanganya njia na mashindano. Baiskeli za changarawe zinazouzwa kwa bei hiyo ni nzuri, nami ninao wateja wanaozipenda, lakini zimetengenezwa kwa ajili ya mwendo wa kasi kwenye njia mbovu kuliko hii. Njia ya mfereji ni mchanga na kokoto ndogo zilizosagwa na kushindiliwa. Wewe uliyekulia kwenye murram utaitambua mara moja, ila kwa tofauti moja yenye kupendeza. Murram ya kwetu hujikunja mawimbi yanayotetemesha mpaka meno, na mawimbi hayo hutengenezwa na magurudumu ya magari yanayorukaruka kwa kasi juu ya udongo mkavu. Baiskeli hazina uzito wala mwendo wa kuyaumba. Mahali pasipo na magari, barabara yenyewe hubaki laini.

Kinachobaki ni tairi, na hapa ndipo kosa lako lilipo, dada, ingawa ni kosa la wengi. Namba ya upepo iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha usalama. Haisemi kwamba hicho ndicho kiasi kinachofaa. Fikiria gurudumu gumu likikutana na kokoto ya ukubwa wa harage. Kwa kuwa haliwezi kubonyea, linalazimika kuipanda, na likiipanda linainua fremu, linakuinua na wewe pamoja na mzigo wako, kisha linawaangusha wote upande wa pili. Nguvu ya kufanya hivyo imetoka miguuni mwako, nayo inaishia kutikisa nyama na mifupa. Tairi lenye upepo wa kiasi huimeza kokoto. Sehemu ndogo ya mpira hubonyea na kurudi, na mwili haujui kama kulikuwa na jiwe. Kwa hiyo kwenye changarawe tairi laini halikuchoshi, linakupunguzia kazi. Imani kwamba tairi gumu ndilo lenye mbio ilitokana na lami laini, na hata huko ina mipaka yake.

Mwombe fundi apime nafasi kati ya tairi na fremu, na kati ya tairi na madigadi. Kama kuna upenyo wa milimita 5 au 6 kila upande baada ya kuongeza upana, weka matairi ya milimita 40. Chagua yenye kashata ndogo zilizokaribiana, usichukue yale ya milimani yenye vijiti virefu. Kwa mtu wa kilo 70 mwenye mzigo wa kilo 10 hivi, ningeanza na upepo wa baa (kipimo cha mgandamizo wa upepo) 2.2 mbele na 2.6 nyuma, kwa kuwa gurudumu la nyuma hubeba uzito zaidi. Kama 40 haiingii, baki na 35 yako ukijaza 2.6 mbele na 3 nyuma. Nunua kipima upepo cha mkononi, usitegemee kubonyeza kwa kidole gumba. Ukishusha mno, rimu itagonga jiwe na kuibana tyubu, nayo itatoboka matundu mawili sambamba kama alama ya meno ya nyoka. Ukiona pancha ya namna hiyo, ongeza upepo kidogo. Beba tyubu mbili za akiba, pampu, na raba za breki, kwa maana mchanga uliolowa husaga raba haraka kuliko unavyotarajia.

Sasa vidole. Kidole cha pete na kidole cha mwisho hupata hisia kupitia mshipa wa fahamu unaoingia kiganjani upande wa kidole cha mwisho, karibu na kifundo, mahali ambapo wengi wetu huegemea usukani. Mtetemo wa tairi gumu pamoja na uzito wa kifua unaokandamiza sehemu hiyo hiyo kwa muda mrefu huubana mshipa, nao hunyamaza. Kushusha upepo kutaondoa sehemu ya tatizo. Sehemu nyingine iko kwenye kiti. Kikiwa kimeinamia mbele, hata kidogo tu, mwili huteleza kuelekea usukani na mikono hufanya kazi ya kukuzuia. Kiweke tambarare, inua usukani kama shina lake linaruhusu, vaa glavu zenye mto, nyoosha vifundo, na ubadilishe mshiko kila baada ya dakika chache. Mishiko mipana yenye bawa la kulaza kiganja husaidia wengi, na bei yake si ya kutisha.

Lakini hapa nina mpaka wangu. Mimi ni fundi wa baiskeli, si daktari. Ganzi inayoisha ndani ya saa moja baada ya kushuka kwa kawaida ni ya baiskeli. Ganzi inayobaki hadi siku inayofuata, inayokuamsha usiku, au inayoambatana na mkono kulegea, kama kushindwa kufunga kifungo au kugeuza ufunguo, ipeleke kwa daktari kabla ya kulipia tiketi yoyote. Na kwa kuwa uliangukia bega, mweleze hilo pia, maana mshipa huo huo unashuka kutoka shingoni kupitia begani na kwenye kiwiko, na huenda panapobanwa si kiganjani. Hilo siwezi kulijua kwa barua.

Kuna njia nyingine nilizozifikiria kwa ajili yako. Ile ya Givry hadi Cluny huko Bourgogne, iliyofunguliwa mwaka 1997 ikiwa ya kwanza ya aina yake nchini, ni ya lami, fupi na salama sana. Mkono ukikataa changarawe, nenda huko bila kujuta. Mfereji wa Midi unasifiwa mno, na uzuri wake ni wa kweli, lakini ukishatoka katika lami ya upande wa Toulouse unaingia kwenye vipande vya mizizi ya miti iliyoinua ardhi, na mizizi ni adui wa vidole vyako. Njia za msituni za Morvan ninazipenda kuliko zote, ila si kwa mwaka huu wako: kuna milima mikali, malori ya kubeba magogo, na wawindaji kuanzia vuli.

Juni umechagua vyema. Majira ya baridi mto Oust hufurika na njia huwa chini ya maji au tope. Panga kilomita 40 hadi 50 kwa siku, kwa sababu mchanga huvuta na mwendo wa kilomita 14 kwa saa ni mwendo mzuri. Utatumia siku saba au nane. Nunua chakula asubuhi, kwa maana maduka ya vijijini hufungwa mchana, na Jumapili alasiri na Jumatatu mengi hayafunguliwi. Maji utayapata kwenye bomba za makaburini, ambako waendesha baiskeli wengi hujaza chupa. Ila pale palipoandikwa eau non potable, yaani maji yasiyofaa kunywa, usinywe. Nyumba za kulala zenye alama ya Accueil Vélo, yaani zinazokaribisha waendesha baiskeli, zina mahali pa kufungia baiskeli, na ziko si zaidi ya kilomita 5 kutoka njiani. Kwenye treni ya mwendo kasi nafasi ya baiskeli ni lazima ikatwe mapema, na si kila treni inayo.

Kuhusu hofu, wiki moja ya ukimya itakupumzisha, lakini sitakuahidi kwamba itaiondoa. Ukirudi Paris magari yatakuwapo. Miji mingi ya Ufaransa ina vélo-école, madarasa ya watu wazima ambako mwalimu hupanda nawe barabarani hatua kwa hatua, na nimeona watu waliogongwa wakirudishiwa utulivu wao huko. Kama mwili unakaza hata ukiwa nyumbani, au ajali inakurudia usingizini, zungumza na mtaalamu wa afya ya akili. Hayo hayatibiki kwa tairi.

Kabla ya kukata tiketi ya Morlaix, fanya jaribio moja. Panda treni ya viungani ya RER B hadi Sevran-Livry ukiwa na matairi mapya, mzigo wote uliokusudia kuubeba na kipima upepo, kisha ufuate mfereji wa Ourcq kuelekea Claye-Souilly na uendelee mbele yake, pale sakafu ngumu inapoisha na njia ya udongo na changarawe kuanza. Kaa juu ya kiti saa tatu. Jioni hiyo, na asubuhi yake, vitazame vidole vyako viwili, kisha uniandikie ulivyoviona.